Nina miaka 31, nina kifafa, na bafu la kwetu halina komeo

Fundi wa Kihonda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu utakuwa mrefu, mwenye haraka aruke. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, ila juzi nimekuta mtu kwenye jukwaa la mahusiano anauliza, "Nimegundua mchumba wangu ana kifafa, nimuache?" Majibu kama mia hivi, karibu yote "kimbia ndugu yangu, kimbia". Hakuna hata mmoja mwenye kifafa aliyechangia. Basi mimi ninacho, ngoja niandike.

Ni Mpogoro wa Mahenge, sasa naishi Morogoro mjini, natengeneza simu. Kilinianza nikiwa na miaka 14. Kwetu wilaya ya Ulanga kifafa si habari ngeni. Mama daktari mmoja mwenye asili ya Norway, Louise Jilek-Aall, alipofika Mahenge mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuta wagonjwa wengi kiasi kwamba ilibidi waanzishiwe kliniki yao, na ndiye aliyeandika mapema kuhusu watoto wanaotikisa kichwa kama wanasinzia. Siku hizi watafiti wanahusisha hali hiyo na usubi, ugonjwa unaoletwa na vile vinzi vya kwenye mito yenye maji ya kasi. Nikiwa shule ya msingi tulikuwa tunapangwa mstari, unasimamishwa kwenye fimbo yenye alama, urefu wako ndio unaamua umeze vidonge vingapi. Tulikuwa tunainua visigino ili tuonekane wakubwa.

Mara ya kwanza niliangukia jikoni, mkono wa kushoto kwenye mafiga. Kovu lipo mpaka leo, limevuta ngozi kidogo ndiyo maana vidole viwili havinyooki vizuri. (Wateja wanadhani niliungua nikichomelea simu.) Kaka yangu alinihadithia baadaye: watu walijaa mlangoni, hakuna aliyeingia, kwa sababu nilikuwa natoa povu na kila mtu anajua povu linaambukiza. Aliyenivuta mguu ni bibi. Akawaambia, "Mimi nimezeeka, kikiniambukiza kitanikuta njiani."

Haliambukizi, wakuu. Povu ni mate tu. Lakini kuanzia wiki ile nikawa na sahani yangu, ya bati, ina mstari wa buluu ukingoni. Hakuna aliyenitamkia kitu. Nikiingia tu, naikuta imepakuliwa kando.

Kiini cha uzi huu ni hiki. Sikuwahi kutupwa na familia. Walinipenda, na bado wananipenda. Mama alificha visu, akanikataza kuchota maji kisimani, akanitoa shule nikiwa kidato cha pili kwa sababu njiani kuna mto. Na akang'oa komeo la bafu. Nikioga anasimama nje, kila baada ya muda anaita, "Upo?" Nami najibu, "Nipo." Akiita nikachelewa kujibu kwa sababu nina sabuni mdomoni, mlango umeshafunguka. Nilipohamia Morogoro akanifuata, tukapanga vyumba viwili. Nina miaka 31, na jana jioni nimejibu "nipo" mara nne.

Watu wa kunilinda walikuwa wengi. Wa kuongea nami hakuwepo. Miaka kama sita hivi hakuna aliyewahi kuniuliza swali lisilohusu kifafa. "Umekunywa dawa?" "Umeanguka leo?" Ndugu wakija kusalimia wanamuuliza mama, "Anaendeleaje?" na mimi nimekaa hapohapo. Mpira siendi, msibani siendi nisije nikaangusha watu roho, harusini nawekwa karibu na mlango.

Nikaanza kulala sana. Kisha nikaanza kutolala, na kwa mwenye kifafa kukosa usingizi ni kuita mashambulizi. Nikaanza kuruka vidonge. Fenobabito, dawa yangu ya kifafa, haikuwa imenidhuru, ila nilikuwa sioni napona ili niende wapi. Nikiruka naanguka, nikianguka aibu, nikiona aibu najifungia, nikijifungia naruka tena. Nikafika mahali nawaza kwamba nyumbani wangepumzika kama nisingekuwepo. Siendi zaidi ya hapo.

Aliyenikamata ni nesi. Siku ya kliniki (kwetu wenye kifafa tunatibiwa kliniki ya afya ya akili, ndiyo maana mtaani ukionekana pale umeshakuwa chizi) nimezoea swali moja: umeanguka mara ngapi mwezi huu? Inaandikwa, unapewa dawa, anayefuata. Huyu akaweka kalamu chini akaniuliza, "Kuna kitu chochote siku hizi kinakufurahisha?" Nilitaka kujibu haraka, nikakuta sina cha kujibu. Ndipo nikasikia neno sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa mara ya kwanza likinihusu mimi.

Wa pili ni fundi mwenzangu wa meza ya jirani, Mzaramo mmoja ana mdomo sana. Mara ya kwanza naangukia kibandani alikimbia. Jioni akanifuata na aibu zake: "Nifundishe nifanye nini." Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu. Sasa nikianguka anatazama saa ya simu, ananilaza ubavu, ananiwekea koti chini ya kichwa, ananifunika kanga aliyoinunua makusudi maana wakati mwingine mkojo unatoka, na anafukuza watazamaji kwa matusi ya Kizaramo. Nikizinduka hanipi pole. Ananiambia, "Dakika mbili na nusu. Nilikuwa nasema, yule beki wenu hafai." Anaendelea alipoishia.

Swali langu kwa wakuu. Nataka kuoa. Mchumba anajua kila kitu, ameshaniona nikianguka mara mbili. Wazazi wake hawajui. Mama yangu anasema tunyamaze mpaka ndoa ipite. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

---

Kiberiti cha Gesi

Pole mkuu. Kwetu mtu akianguka tunawasha njiti ya kiberiti, tunazima, tunamsogezea ule moshi puani. Anaamka palepale. Kama hakuna kiberiti, soksi.

---

Nesi wa Zamu

Kiberiti, anaamka kwa sababu mashambulizi mengi yanaisha yenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Hata ungempigia tarumbeta angeamka. Moshi hauna kazi, soksi ndiyo kabisa. Na kijiko mdomoni msiweke, kinavunja meno. Msimkandamize mikono na miguu, msimnyweshe kitu. Ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, mtazame saa. Dakika 5 zikipita bado anatetemeka, au likiisha likaja jingine kabla hajazinduka, ni hospitali, msisubiri.

Fundi, nafanya kazi kliniki kama hiyo unayoisema na naomba radhi kwa niaba ya wote tunaoishia kwenye "umeanguka mara ngapi". Foleni ni kubwa, lakini si sababu. Kwa tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi mbalimbali, mtu mmoja hivi kati ya wanne wenye kifafa ana sonona. Na inakwenda pande mbili: aliyewahi kupata sonona ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupata kifafa kuliko ambaye hajawahi. Kwa hiyo si kwamba mgonjwa amekata tamaa tu kwa sababu ya maisha. Ubongo ni uleule mmoja.

Jambo jingine wengi hawaambiwi: dawa zenyewe zinaweza kushusha moyo. Fenobabito mojawapo. Levetirasetamu, nayo ya kifafa, inawafanya baadhi ya watu kuwa na hasira za ghafla hadi ndoa zinayumba. Ukiona umebadilika tangu uanze dawa, mwambie daktari abadilishe taratibu. USIACHE MWENYEWE. Ukiikata ghafla kifafa kinarudi na hasira. Na dada zetu mlio kwenye umri wa kuzaa, kama mnatumia dawa ya kifafa iitwayo valproeti ulizeni kabla ya kubeba mimba, si baada. Ina madhara kwa mtoto tumboni.

Na yeyote humu anayefika pale Fundi alipofika, pa kuona nyumbani wangepumzika bila yeye: mwambie mtu leo, usisubiri tarehe ya kliniki. Uso kwa uso kama unaweza.

---

Tiba Asilia Original

Kifafa kinapona KABISA siku 21 tu. Dawa ya mizizi haina madhara. Njoo pembeni tuongee.

---

Bodaboda Mstaafu

Wewe wa siku 21 ninyamazie. Mimi kifafa nilikipata baada ya ajali ya pikipiki, kichwa kiligonga lami bila helmeti. Nilikunywa ya siku 21, sharti la kwanza likawa niache vidonge vya hospitali "visigombane na mizizi". Siku ya tisa nimezindukia wodini, ulimi nimeung'ata hadi umeshonwa.

Fundi, mimi kilichoniua ni kazi. Pikipiki siendeshi tena, na ni sawa, siwezi kubeba mtoto wa mtu nikaangukia barabarani. Ila kijiwe ndiyo kilikuwa ukoo wangu. Ulipoacha pikipiki umeacha na kijiwe. Miezi mitatu ya kwanza walikuja, wakachanga, nawashukuru. Mwezi wa nne kimya. Nilikaa ndani nasikia honi za wenzangu zikipita, namjua kila mmoja kwa honi yake.

Nilirudi kwa njia ya ajabu. Mwenyekiti wa kijiwe alihitaji mtu wa kuandika daftari la michango, mimi nina mwandiko mzuri. Sasa kila asubuhi nina kiti changu na daftari. Posho ni ndogo. Lakini nisipotokea wananipigia simu, maana hela yao iko kwangu.

---

Binti Kilifi

Jamani nawasalimia kutoka Kenya. Nimeisoma hii nikiwa kwa matatu na nimelia mbele ya watu.

Huku Pwani tunayo yetu. Mtoto akishikwa, wazee wanasema ni nyuni, ndege amempitia. Ndiyo maana hata jina "degedege" lina ndege ndani yake, sijui kama mmewahi kufikiria. Shosho yangu, yaani bibi, alikuwa ananifunika nguo nyeusi ndege asinione. Sasa niambie, mtu amekupenda hivyo, utamwambia vipi anakosea?

Mimi niliangukia chumba cha mtihani chuoni. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja tunaotembea pamoja. Wiki ile simu yangu ilijaa "pole sana", emoji za mikono, na pesa za kwa simu. Mmoja tu ndiye alikuja hosteli. Hakuleta chochote. Alikaa kitandani kwangu akaniomba nimsuke, nikamsuka masaa matatu. Nilijiskia mtu. Wale wengine tisa si wabaya, hata hivyo, ni vile walikuwa hawajui waseme nini, na mimi nilikuwa sipokei simu.

---

Mama Tunu

Nimesoma mpaka pale pa "nipo" nikaweka simu chini. Nimerudi baada ya saa nzima, na nina hasira kidogo.

Mwanangu ana miaka 12. Mwaka juzi alianguka uso ndani ya beseni la kufulia. Nilikuwa nimeingia ndani kuchukua sabuni. Sabuni tu, baba. Nimetoka namkuta miguu inapigapiga na kichwa kiko ndani ya maji. Wewe unaona mlango hauna komeo. Mimi naona beseni.

Shule walimrudisha, wanasema anatisha wenzake. Baba yake aliondoka, upande wao wanasema kifafa kimetoka kwetu. Tunalala kitanda kimoja, nimemfunga kamba ya kanga mkononi kwake na kwangu ili akitetemeka niamke. Sijalala usingizi kamili tangu mwaka juzi. Halafu nasoma humu kwamba sisi ndio tunaowapa wagonjwa sonona.

---

Fundi wa Kihonda

Shikamoo mama. Nimekuelewa, na nisamehe kama nimeandika kama mtu anayemlalamikia mzazi wake. Usiku wa jana baada ya kusoma ulichoandika nilimuuliza mama yangu, "Wewe unalala?" Akasema analala kwa awamu. Miaka 17, mama. Sikuwahi kumuuliza.

---

Nesi wa Zamu

Mama Tunu, wewe ndiye mgonjwa ambaye hana faili. Siku ya kliniki ya mtoto, mwambie nesi kwamba wewe hulali. Sema hivyohivyo ulivyoandika hapa. Na hiyo kamba, ifungeni kwa fundo linalofunguka upesi, au afadhali mtoto alale karibu nawe bila kamba. Shule hawana haki ya kumrudisha. Nenda ofisi ya elimu ya kata na karatasi ya daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria hadi 70% ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzitumia. Bado ana nafasi kubwa tu.

Kuhusu bafu, maana wote wawili mna haki. Hatari ni vitu viwili: maji yaliyojaa na mlango unaofungukia ndani. Mtu akiangukia nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unakuwa komeo, mnabaki nje mnasukuma. Geuzeni bawaba mlango ufungukie nje. Aoge amekaa kwenye kigoda, ndoo nusu na kopo, si beseni. Halafu kuna vitasa vya chooni ambavyo ndani unafunga kwa kuzungusha, nje kuna kimfereji unafungua kwa sarafu. Anafunga, anapata heshima yake, na wewe una sarafu mfukoni.

---

Wakili wa Kijiweni

Nimesubiri mtu aguse swali la ndoa, hakuna. Naligusa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39. Inasema ndoa ni batilifu iwapo wakati inafungwa mmoja wao alikuwa anapatwa na mashambulizi ya mara kwa mara ya wazimu au kifafa. Ndiyo, wamewekwa mstari mmoja, na mimi binafsi naona ni aibu. Lakini someni vizuri: BATILIFU, si batili. Ndoa batili haikuwahi kuwepo. Ndoa batilifu ipo na ni halali kabisa mpaka mahakama iitengue kwa maombi ya mwenzi. Na huyo mwenzi anayelalamika lazima awe hakujua siku anafunga ndoa.

Mchumba wako anajua. Kwa hiyo mlango huo kwake umefungwa tayari. Wakwe hawamo kwenye kifungu hicho hata kidogo. Kisheria mama yako hajakosea sana, wakwe si lazima waambiwe. Ila mimi nimeshasuluhisha kesi za ukoo nyingi, na kinachovunja nyumba mara nyingi ni shangazi fulani kusema "tulidanganywa". Pelekeni mtu mzima aseme, msipeleke kijana mwenyewe akajitetee kama mshtakiwa.

---

Mzee wa Lindi

Na waombaji je? Mbona hamjawataja. Mimi niliambiwa ni mapepo, nikalazwa chini siku tatu bila kula, nanyimwa vidonge. Simtaji mtu. Ila naongezea: sasa nasali sehemu nyingine, mchungaji ananiuliza kwanza kama nimemeza dawa ndipo ananiombea. Tena kuna akina mama wawili pale kanisani wamejifunza kunilaza ubavu. Msitupe vyote.

---

Fundi wa Kihonda

Mrejesho, wiki ya tano.

Shangazi alikwenda kwa wakwe na mzee mmoja wa ukoo. Akasema yote, pamoja na kovu la mkono. Baba mkwe alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Anaanguka mara ngapi?" Shangazi akasema mara ya mwisho ilikuwa Novemba. Mama mkwe akauliza kama watoto watarithi. Shangazi hakuwa na jibu, akasema tutamuuliza daktari, na nafurahi hakubuni. Baba mkwe amesema jibu ni baada ya Pasaka. Mahari hajapunguza hata shilingi, kwa hiyo mchumba anasema hiyo ni dalili njema.

Sonona haijaisha. Kuna asubuhi bado naamka mzito kama nimelalia gunia la mahindi. Ila pale kwenye benchi la kliniki tumeanza kikoba, watu tisa, elfu tano kila mwezi. Tulianza kwa sababu ya nauli. Sasa siku ya kikoba tunaongea mpaka tunafukuzwa, na wiki iliyopita mmoja alianguka katikati ya hesabu, tukamlaza ubavu, mweka hazina akaendelea kuhesabu huku anatazama saa. Hakuna aliyesimama.

Na kitasa nimeweka. Mlango nimeugeuza mwenyewe Jumapili. Mama alisimama anatazama, hajasema kitu. Jioni nimeingia kuoga, nimefunga. Nimemsikia anakuja mpaka mlangoni, anasimama. Hakuita. Nikasikia anachezea sarafu kwenye vidole.

Nikamwambia mwenyewe, "Nipo, mama."

---

Mama Tunu

Baba, hicho kitasa umenunua shilingi ngapi?

---

Fundi wa Kihonda

Elfu kumi na mbili, mama, duka la vifaa vya ujenzi. Waambie unataka cha chooni, chenye rangi nyekundu na kijani kwa nje. Na kabla hujalipa kijaribu na sarafu ya mia mbili, cha kwanza walichonipa kimfereji chake kilikuwa chembamba, haikuingia.